Runinga ya Watu Ishirini na Wawili

Jumanne, 11 Aprili

Siku ya tisa kambini. Asubuhi mvua, mchana jua. Nimezungumza na wawili: Keith Ruddock, aliyeniomba nisogeze ndoo yangu, na mbwa wa Keith.

Saa kumi na moja jioni wenzangu wa kambini wakatoka tena. Milango ya mabasi ikafunguka mmoja mmoja. Kila mtu na kiti chake cha kukunja kwapani, kikombe chake, chupa yake, kibakuli chake cha karanga. Wanaketi duara chini ya miti, upande wa bahari, mpaka giza liingie. Hakuna anayealikwa, hakuna anayefukuzwa. Njoo na kiti chako, kaa. Ndiyo sheria yote ya sisi tunaoishi kwenye mabasi, kutoka Kaitaia kaskazini hadi Bluff kusini, nchi nzima. Mimi na mke wangu Glenys tuliishika miaka kumi na mmoja. Yeye alibeba viti viwili, mimi nilibeba biskuti.

Viti sasa viko chini ya tumbo la basi, vimefungwa pamoja kwa kamba. Fundo ni lake. Alilifunga wiki moja kabla ya kulazwa hospitali, mwaka juzi. Sijalifungua. Sioni haja.

Basi leo nimekaa kwenye ngazi nikijifanya nasafisha chujio la maji. Nimelisafisha mara tatu. Ni safi kuliko maji yenyewe.

Keith alikuwa katikati ya duara na gitaa lake dogo la nyuzi nne. Anajua nyimbo nne, wimbo mmoja kwa kila uzi. Na watu wanacheka, wanaimba naye! Raewyn Paki, yule mwenye lori lililokuwa la kubebea farasi, amenipungia mkono. Nikampungia chujio.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Nilitengeneza mashine za kukamulia ng'ombe miaka arobaini na mmoja, mkoa mzima wa Waikato. Jambo moja nalijua kuliko profesa yeyote: washa redio bandani, ng'ombe mia tatu watapanga foleni wenyewe, hakuna fimbo, hakuna kupiga miluzi. Binadamu ana tofauti gani? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Keith na ajitembeze na kijigitaa chake. Mimi nitakaa hapa hapa, na watakuja na viti vyao. Kesho naenda mjini.

Jumatano, 12 Aprili

Opotiki. Duka la runinga na vyombo vya muziki. Dada wa dukani mpole mno. Kaniuliza basi lina betri ngapi, paneli ngapi za sola juu ya paa, nimelikata madirisha mangapi. Nikamjibu kwa fahari. Basi hili lilikuwa la shule, nimeligeuza nyumba kwa mikono yangu, na kila skrubu naijua kwa jina.

Kanionyesha kiruninga kidogo cha kutumia betri moja kwa moja, spika zake ziko humo humo ndani, kinakula umeme kiduchu. Kasema wenye mabasi wengi huchukua hicho, maana kinatosha kabisa kwa mtu mmoja.

Kwa mtu mmoja! Nikamuuliza nani kamwambia habari ya mtu mmoja. Dada wa watu akaomba radhi, akauliza tuko wangapi. Nikasema ishirini na wawili.

Nilikuwa nimehesabu kambi nzima. Hata Keith nilimtia.

Akauliza basi lina ukubwa gani. Nikasema tunakaa nje, duara. Hapo akaelewa, akafungua ghala. Nilitamani sana ile mashine ya kurusha picha kwenye shuka, lakini kasema jioni kabla jua halijazama haionyeshi kitu, mtakuwa mnatazama shuka tu. Nikaiacha. Nimechukua runinga ya inchi sitini na tano, ya kuning'iniza ubavuni mwa basi chini ya turubai. Amplifaya. Dishi. Inveta kubwa ya kugeuza umeme wa betri. Spika nne au sita? Nikachukua sita, watu wa mkono wa kushoto wasije wakaonewa. Halafu sabufa, ile spika kubwa ya besi. Sabufa peke yake waliibeba watu wawili, yeye na mwenzake, wakihema.

Ndani ya basi hakuna pa kuiweka. Usiku huu imelala kitandani, upande wa Glenys. Godoro limebonyea upande ule kama zamani. Nimelala vizuri kuliko siku nyingi, sijui kwa nini.

Alhamisi, 13 Aprili

Kutwa nzima drili mkononi. Nimetoboa matundu kumi na manne ubavuni. Moja si mahali pake. Limetokea ndani ya kabati la vikombe. Runinga imesimama. Spika zote sita zimesimama. Nywele zangu nazo zimesimama, nilishika waya wa inveta.

Dishi ndiyo shughuli. Dishi linataka kutazama kaskazini, mbingu iwe wazi. Kaskazini kwetu ni miti, miti, miti ya pohutukawa, mikubwa kuliko kanisa, na chini yake ndipo duara lao. Nimegeuza dishi kila upande. Nimepanda juu ya paa, nikashuka, nikapanda. Keith akapita na mbwa wake, akauliza kama naita mvua au naifukuza. Nikamwambia asubiri tu. Akasema hana haraka, yeye ni mstaafu.

Dawa imepatikana: kusogea nyuma. Nikisogeza basi hatua themanini kutoka kwenye miti, dishi linaona juu yake. Nimesogeza. Picha hiyo, safi, mpaka unaona jasho la mtangazaji!

Ubaya mmoja tu. Hatua themanini ni mbali kidogo. Saa kumi na moja walipotoka niliwasha taarifa ya habari. Nadhani hawakuiona. Raewyn ndiye aliyegeuka, akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua. Huenda alikuwa ananitafuta nilikohamia. Au alikuwa anatazama mawingu.

Ijumaa, 14 Aprili

Kama hawaoni, watasikia. Ndiyo kazi ya sabufa.

Saa kumi na moja na dakika tano nikaiwasha. Besi ya kwanza, kunguru wote wakaruka. Ya pili, mbwa wa Keith akaingia chini ya gari. Ya tatu, duara zima likasimama. Moyo wangu ukadunda. Nikajua wanabeba viti, wanakuja.

Akaja Keith, peke yake, bila kiti. Yeye ndiye mwangalizi wa kambi msimu huu na hakuacha kunikumbusha. Kasema vikombe vya mkewe vinacheza ngoma kabatini. Kasema, Merv bwana, hilo ni tetemeko au ni wimbo? Nikamwambia ni wimbo, tena una maneno, akikaribia atayasikia. Kasema hana haja ya kukaribia, ameyasikia kwenye meno ya bandia.

Tukiwa bado tunabishana, kila kitu kikazimika. Kimya. Betri zimekwisha. Jua la Aprili halina nguvu, na mfumo wangu unakula umeme kama mahindi mabichi. Kutoka kwenye duara nikasikia mtu akipiga makofi. Mmoja, halafu wengi.

Inabidi jenereta. Keith kwa furaha kubwa kanisomea kanuni: jenereta ni kona ya nyuma tu, kule kwenye shimo ambako kila basi humwaga choo chake. Nikasema sawa. Alidhani nitanywea! Kule kona mbingu iko wazi hata zaidi.

Nimehamia kona kabla giza halijaingia. Shimo liko hatua sita kutoka mlangoni kwangu. Harufu si mbaya upepo ukitoka bahari. Duara silioni tena kutoka huku, lipo nyuma ya ghala la majani. Kwa hiyo nalo halinioni mimi. Hilo sikulifikiria.

Jumamosi, 15 Aprili

USHINDI. Wageni kumi na moja!

Wa kwanza kafika saa mbili asubuhi, mzee wa basi la kijani. Nilikuwa nimewasha kipindi cha bustani. Kasimama, katazama, kasema picha nzuri. Mkononi alikuwa na kitangi cha choo chake. Kamwaga, kasuuza, katazama tena kidogo, kaondoka. Dakika nne.

Wa pili na wa tatu mke na mume. Dakika tano, maana walikuwa na vitangi viwili. Mume kauliza matokeo ya raga. Mke kauliza kama bomba la kusuuzia linavuja.

Naandika yote pembeni: kipindi gani, watu wangapi, dakika ngapi. Kipindi cha bustani kinavuta watu wengi asubuhi. Raga ya saa nane mchana ilivuta watatu kwa mpigo, foleni kabisa, kama ng'ombe wangu wa Waikato. Nikawaambia karibuni mkae. Wakasema wangependa, lakini hawakuja na viti. Ni kweli. Mtu mwenye kitangi mkono wa kulia na ndoo mkono wa kushoto, kiti atakibeba kwa meno?

Keith naye kaja. Ilibidi aje. Kamwaga chake akitazama ukutani. Nikamuuliza kwa upole anaionaje picha. Kasema tangu awe mwangalizi hajawahi kuona mtu akichagua kuishi chooni. Husuda hiyo.

Raewyn kafika saa kumi. Kasuuza kitangi chake, akakiweka chini, akanikagua mimi badala ya runinga. Kauliza kama nakula. Nikasema nakula. Kauliza nini. Nikasema toast. Kasema jana? Nikasema toast. Jana na juzi nilisahau kuzima jiko, mkate ulitoka mweusi, lakini hilo sikumwambia. Kakaa dakika tisa. Ndiyo rekodi ya leo. Kilichokuwa hewani ni shindano la kukata manyoya ya kondoo. Nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Saa kumi na moja hakuja mtu. Vitangi vyote vitupu.

Jumapili, 16 Aprili

Mchana mgeni mmoja tu. Niliwasha kukata manyoya tangu asubuhi, lakini kumbe marudio hayavuti.

Saa kumi na nusu jenereta ikaisha petroli. Betri tupu. Skrini nyeusi. Nikakaa kwenye ngazi, nikatazama uso wangu humo, inchi sitini na tano za uso wangu. Mzee kweli kweli.

Saa kumi na moja nikasikia viatu kwenye kokoto. Raewyn. Kwapani kiti chake cha kitambaa cha bluu, kile chenye kiraka. Hakubeba kitangi. Nimeangalia mara mbili.

Nikamwomba radhi kwamba mfumo umezimika. Nikasema arudi kesho, nitanunua petroli. Akafungua kiti, akakaa, akanimiminia kinywaji kutoka kwenye chupa yake. Kauliza kiti changu kiko wapi. Nikasema nimezoea ngazi.

Nikamweleza kanuni yangu ya ng'ombe na redio. Kila mtu huwa anaipenda kanuni hiyo. Raewyn kakulia kwenye shamba la maziwa, kumbe, sikujua. Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema, Merv, ng'ombe hawakuwa wanafuata redio. Walikuwa wanakuja kwa sababu viwele vimejaa maziwa.

Nikasema inawezekana, kwa ng'ombe wa kwao.

Tukakaa. Upepo ukatulia. Kauliza Glenys alikuwa mtu wa namna gani. Sikumbuki lini mtu ameniuliza. Nikaanza na kwamba alikuwa mfupi. Nikaendelea. Nikamwambia jinsi alivyokuwa akigombana na ramani, jinsi alivyovuka mto Motu na basi hili huku mimi nimefumba macho. Nikalitamka jina lake mara nyingi, likaanza kuwa jepesi. Nikalia kidogo. Raewyn hakusema pole. Kaniongezea kinywaji tu, akaniambia marehemu mumewe alikuwa anakoroma kwa Kimaori na kuota kwa Kiingereza, na kwamba mwaka wa kwanza yeye mwenyewe alikuwa anapika viazi vya watu wawili na kumpa mbwa wa jirani. Mbwa kanenepa mpaka akapelekwa kwa daktari. Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, na nikaona haya.

Kabla hajaondoka kasema Jumatano kambi inavunjwa, wengi wanafuata pwani hadi kwenye ghuba ndogo kabla ya kijiji cha Te Kaha. Pembeni ya lori lake kuna nafasi. Kasema niegeshe hapo, tena nije na kiti changu. Kasema hivyo kwa kawaida tu, kama mtu anayekuomba chumvi.

Nimerudi ndani, miguu myepesi. Nimeandika kwenye orodha yangu: Raewyn, dakika sabini na tano. Bila picha. Bila sauti hata kidogo!

Hebu fikiria angekaa muda gani kama kungekuwa na picha.

Jumatatu, 17 Aprili

Sijalala kwa mawazo. Mwanamke kaniambia nije na kiti. Kiti lazima kiwe cha maana.

Nimeingia chini ya basi saa tatu asubuhi, nikalala chali kwenye majani. Viti vipo. Kamba imekakamaa kwa vumbi na chumvi. Fundo lake lile lile, lenye masikio mawili kama la kiatu cha mtoto. Nimeweka kidole juu yake. Nilikaa hapo mpaka mgongo ukalowa. Nikifungua ili nitoe kimoja, kingine kitabaki kimefungwa na nini?

Nikatoka, nikaenda mahali penye mtandao, nikatafuta viti. Na bahati ya mtu haimpiti! Kipo kiti cha kukunja chenye spika mbili, moja kila sikio, na besi yake chini ya makalio. Kinaungana na mfumo wangu bila waya. Nimeagiza papo hapo. Kitaletwa hapa kambini Ijumaa.

Nimetazama na picha za ile ghuba ya Te Kaha. Miti. Imefunga kaskazini yote, dishi halitaona hata nyota. Lakini hilo ni la kufikiria baadaye.

Jumatano, 19 Aprili

Wameondoka.

Asubuhi nzima foleni kwenye shimo langu, watu kumi na tisa, rekodi ambayo haitavunjwa. Kila mmoja kaniaga. Keith kanipa mkono. Kaniambia mkewe kaniachia nusu ya keki, akaniwekea kwenye ngazi, akasema, tutaonana mbele, mzee, na hilo tetemeko lako. Nikaonja papo hapo. Keki ina ndizi. Nzuri.

Raewyn alikuja wa mwisho. Lori linanguruma. Akashusha dirisha akauliza mbona turubai langu halijakunjwa. Nikamweleza: kiti changu kinafika Ijumaa. Nikimaliza kukifunga nitafuata. Labda Jumamosi. Labda wiki ijayo, nikipata namna ya kuweka dishi kwenye mlingoti wa juu zaidi ya miti.

Akazima injini, akashuka, akainama akatazama chini ya basi langu.

Kasema, Merv, kuna viti viwili hapa.

Nikasema vya Glenys.

Kasema, kimoja.

Nilitazama viatu vyangu. Nikasema hiki cha Ijumaa kina besi chini ya makalio. Akatingisha kichwa polepole, si kwa hasira. Akarudi kwenye lori, akawasha injini, akakaa hapo na dirisha wazi dakika kumi nzima bila kuondoka. Sikuelewa alikuwa anasubiri nini. Nilidhani injini inapashwa moto. Nikampungia. Akapunga, akaenda, vumbi likabaki barabarani mpaka nikamaliza keki.

Hakika yule mama anapenda mambo ya muziki, nadhani alisubiri nimweleze zaidi habari ya hiyo besi. Wengine wote walikwenda moja kwa moja.

Ijumaa, 21 Aprili

Kiti kimefika! Mleta mzigo kanitafuta uwanja mzima, kasema alidhani kambi imefungwa. Nikamkaribisha atazame kidogo. Kasema ana mizigo arobaini. Nikamwonyesha rimoti. Kasema nzuri, akaomba nitie sahihi.

Kiti ni cha ajabu. Saa kumi na moja kamili nimekifungua katikati ya uwanja, chini ya miti, pale pale palipokuwa duara, maana sasa hakuna anayeniziba. Nyasi bado zina alama za miguu ya viti vyao. Nimeketi kwenye alama ya Raewyn, kama sikosei. Jenereta imejaa. Runinga kule kona siioni kutoka hapa, ghala la majani limeificha, lakini sauti inanifikia yote, masikio mawili na makalio.

Kasoro moja: kinatosha mtu mmoja. Nimeagiza cha pili, kwa ajili ya mgeni. Kitafika Alhamisi. Kwa hiyo Te Kaha ni baada ya Alhamisi.

Nimewasha spika zote sita, halafu sabufa. Nikapandisha robo, nikasubiri. Nikapandisha nusu, nikasubiri, nikitazama ghala la majani atokee nani. Nikapandisha mpaka mwisho wa rimoti.

Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nilijua tu wataizoea.